Je, wajua pesa ya yule mbwa wa tangazo huenda wapi?

Uko kwa matatu, jam ya Jogoo Road haisongi, unaskroli simu, ghafla mbwa huyo, mbavu zinahesabika, anatetemeka kwa baridi, muziki wa kilio chini, alafu sauti inakuomba dola 19 kila mwezi. Mimi kwa mambo ya mbwa roho yangu ni nyepesi sana, karibu nitume. Lakini nikajiuliza, kwani hiyo pesa inamfikia huyu mbwa ama?

Binamu yangu ako Texas ndiye alinifungua macho. Alichangia shirika moja kubwa la wanyama huko Marekani mara moja tu, na tangu siku hiyo sanduku lake la barua halijapumua: kalenda, stika zenye jina na anwani yake, kadi za Krismasi, siku moja hata sarafu imegundishwa juu ya barua! Alinipigia video akanimwagia zote kwa meza. Nani amelipia hizo vitu? Si ni yeye na wachangiaji wenzake!

Sasa sikia, na huu si wizi, taratibu za uhasibu za Marekani zinaruhusu. Barua ya kuomba pesa ikiwa pia inakuhimiza ufanye kitu, tuseme usifungie mbwa ndani ya gari kwa jua, na ikitimiza masharti fulani, shirika linaweza kugawa gharama yake, sehemu inaandikwa uchangishaji, sehemu inaandikwa programu, yaani kazi yenyewe ya wanyama. Kwa hivyo ukiambiwa asilimia kubwa ya pesa inaenda kwa programu, huenda kuna stampu na bahasha humo ndani.

Alafu kuna mambo ya majina. Watu wengi walidhani Humane Society of the United States, ya tangu 1954, ndiyo mama wa kila shelta ya mtaa, yaani makao ya wanyama waliotupwa, inayojiita "humane society". Wapi! Hizo zinajitegemea, hilo kubwa kazi yake sana sana ni kampeni, kusukuma sheria na kesi, na 2025 lilibadilisha jina likawa Humane World for Animals. ASPCA ya New York nayo, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama la 1866, si bosi wa SPCA zingine za mitaa zenye jina kama hilo. Kampeni si mbaya, sheria moja ya kutoa kuku kwa vizimba inagusa kuku wengi kuliko shelta yoyote, ila kesi zinakula pesa vibaya. Kuna ile ya ndovu wa sarakasi ya Ringling Bros., korti ikaona shahidi mkuu alikuwa akilipwa na upande wa walioshtaki, mambo yakawageukia: ASPCA ikalipa wenye sarakasi dola milioni 9.3 mwaka 2012 kuyamaliza, na 2014 Humane Society na wenzake wakatoa milioni 15.75.

Ukitaka kuchungulia, mashirika haya hujaza Fomu 990, ripoti ya pesa zao kwa watu wa kodi wa Marekani, kila mwaka na iko wazi kwa intaneti, hata wewe wa Umoja unaifungua. Usikimbilie mshahara wa bosi pekee, nenda sehemu ya 9, mstari wa 26, hapo ndipo gharama za pamoja, zile za barua zilizogawanywa, huandikwa.

Binamu alikaa nayo jioni nzima. Siku hizi hununua gunia la chakula anapeleka mwenyewe shelta ya mtaa wao, na mimi nikipata nafasi Jumamosi napitia KSPCA, shelta ya wanyama pale Karen, na blanketi kuukuu. Kalenda ya mwaka ujao ilimfikia wiki jana, ya paka.