Sheria ya Muda Iliyodumu Hadi Mapinduzi: Mageuzi na Ukandamizaji Katika Urusi ya Matsar

Swali tunaloulizwa sana na wanaoanza kusoma historia ya Urusi ni hili: ikiwa Tsar (yaani mfalme) Alexander II ndiye aliyewapa wakulima uhuru, mbona aliuawa na watu wa nchi yake mwenyewe?

Uhuru wenyewe kwanza. Februari 1861 alitia saini tamko lililowatoa wakulima zaidi ya milioni 20 mikononi mwa makabaila. Kabla ya hapo bwana aliweza kumuuza mkulima, kumchapa viboko au kumpeleka jeshini. Sasa mkulima akawa huru kuoa na kumiliki mali bila kuomba ruhusa, lakini ardhi aliyoilima tangu enzi za babu zake hakupewa bure. Serikali iliwalipa makabaila, kisha ikamdai yeye fedha hizo, na riba juu yake, kwa miaka 49. Deni lilikuwa la kijiji kizima, hivyo kijiji nacho hakikumwachia mtu aondoke apendavyo. Wengi waliamini kabisa kwamba tamko la kweli la Tsar lilikuwa limefichwa na makabaila.

Mwaka 1864 yakaja mageuzi ya mahakama, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito kuliko yote. Kesi zilisikilizwa hadharani, mshtakiwa akawa na wakili, na raia 12 wakapewa kazi ya kuamua kama mtu ana hatia. Hebu fikiria jambo hilo katika nchi ambayo neno la Tsar lilikuwa sheria.

Mtihani ulikuja mapema. Mwaka 1877 gavana wa jiji la St. Petersburg, Fyodor Trepov, aliamuru mfungwa wa kisiasa achapwe viboko kwa sababu hakumvulia kofia. Januari 1878 mwanamke kijana aitwaye Vera Zasulich aliingia ofisini kwa Trepov pamoja na watu walioleta maombi yao, akampiga risasi na kumjeruhi. Hakukana. Waziri wa sheria alitaka hakimu, Anatoly Koni, amhakikishie kwamba mshtakiwa angetiwa hatiani, Koni alikataa. Wale raia 12, wengi wao watumishi wa kawaida wa serikali, wakajifungia, wakajadiliana, wakatoka na uamuzi: hana hatia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Polisi walijaribu kumkamata tena mlangoni, lakini akaponyoka na kukimbilia nje ya nchi.

Serikali ilijifunza somo lake. Ndani ya miezi michache kesi za kuwashambulia maofisa ziliondolewa kwa raia hao, na nyingine zikapelekwa mahakama za kijeshi. Vijana wenye hasira nao wakaunda kundi la siri, Narodnaya Volya, wakaanza kumwinda Tsar.

Walimpata na kumuua tarehe 1 Machi 1881 kwa kalenda ya Kirusi ya wakati huo. Asubuhi ile ile alikuwa ameridhia mpango wa waziri wake, Loris-Melikov, wa kuwashirikisha wajumbe wa kuchaguliwa katika kujadili miswada ya sheria. Mwana wa Tsar huyo, Alexander III, aliyemrithi, aliuweka kando mpango huo. Agosti mwaka huo akatoa kanuni za kulinda usalama wa dola, ambazo zilitangazwa kuwa za muda, za miaka 3 tu.

Popote zilipotumika, gavana aliweza kupiga marufuku mikutano, kufunga biashara, kumfukuza mtu mkoani na kumweka jela miezi 3 bila kesi. Wizara ya Mambo ya Ndani nayo iliweza kumpeleka mtu uhamishoni hadi miaka 5 bila kumfikisha mbele ya hakimu. Mwanamapinduzi Vladimir Lenin alipopelekwa Siberia mwaka 1897, hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote. Mahakama za 1864 zilibaki, majengo na mawakili wake, lakini mshukiwa wa kisiasa alipitishiwa mlango mwingine.

Miaka 3 ilipokwisha, kanuni zikaongezewa muda. Zikaongezewa tena, na tena. Hata baada ya mapinduzi ya 1905 kumlazimisha Tsar Nicholas II kuahidi uhuru wa raia na bunge, ziliendelea kutumika, na waziri mkuu Pyotr Stolypin akaongeza juu yake mahakama za haraka za kijeshi zilizowahukumu kifo watu zaidi ya 1,000 kati ya Agosti 1906 na Aprili 1907. Stolypin huyo huyo ndiye aliyewafungulia wakulima njia ya kutoka katika ardhi ya pamoja ya kijiji.

Kanuni za 1881 zilikuwa bado zinatumika Nicholas alipong'olewa Machi 1917. Siku chache baadaye msamaha ukatangazwa, na waliokuwa uhamishoni Siberia wakaanza safari ya kurudi.