Kilindini mwa bahari maji hayajalala

Barazani Mombasa utasikia kwamba bahari husogea juu tu, kwa kusi na kaskazi; chini kabisa maji yamelala. Sivyo, na shahidi ni gesi ya friji kuukuu.

Gesi hizo za friji, CFC-11 na CFC-12, hazikuwapo hewani kabla ya viwanda kuanza kuzitengeneza, miaka ya 1930. Zikipatikana mita 3,000 chini, kama zilivyopatikana Atlantiki ya Kaskazini, maji hayo yaligusa hewa baada ya hapo, ndipo yakazama. Kwa maji ya kale, yaliyozama kabla ya gesi hizo, hutumika kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayopungua nusu kila miaka 5,730.

Kuchota ndiko kugumu. Chupa hushushwa zikiwa wazi, hufungwa moja moja zikipandishwa. Sampuli ya gesi hutolewa kwanza kabla ya nyingine zote. Mpira wa kupitishia maji hufika chini kabisa ndani ya kichupa cha sampuli, maji yafurike, pasibaki hata povu moja. Hewa ya sitaha ina CFC nyingi kuliko maji ya kilindi, na kiyoyozi cha meli kinachovuja huharibu kila kitu. Hata mipira ya kuzibia chupa hunyonya gesi, kisha huirudisha polepole ndani ya sampuli.