Ndengu kikombe kizima: protini bila ngano wala maziwa

Wanaokuja kwangu baada ya kuambiwa waache ngano na maziwa, na ambao nyama hawali, huanza na swali lile lile: "Sasa nitakula nini?" Wengi huwa na orodha waliyoitoa mtandaoni: kinoa, unga wa lozi, maziwa ya lozi. Ni vitu vya supamaketi, na bei yake inaumiza. Mimi huwaelekeza Nyamakima, jijini Nairobi.

Pale kwenye maduka ya nafaka magunia yamefunguliwa midomo hadi mlangoni: ndengu (choroko), njahi, mbaazi, kunde, maharagwe ya kila rangi, njugu karanga, mtama, wimbi, mbegu za terere. Vyote hivyo kwa asili havina gluteni. Gluteni ni protini iliyo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa hiyo ugali wako, wali wako, nduma na mihogo vinabaki. Kinachoondoka ni chapati, mandazi na mkate, nami najua chapati inauma kuiacha.

Ninachokiona kila wiki ni kipimo kidogo. Nilimwomba dada mmoja apakue chakula kama anavyopakua kwake. Akajaza wali sahani, akatengeneza kishimo katikati, akamwagia upawa mmoja wa ndengu. Nikachuja mchuzi nikazipima zile ndengu: vijiko vinne vya mezani. Hizo hazifiki hata gramu 5 za protini. Kikombe kizima cha ndengu zilizoiva, kama gramu 200, kina gramu 14 hivi. Mtu mzima mwenye afya anahitaji angalau gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 60 atafute 48 kwa siku. Upawa mmoja hautamfikisha. Geuza sahani: ndengu ziwe nyingi, wali uwe wa kusindikiza.

Nazipika hivi. Nazilowesha usiku, asubuhi namwaga yale maji na kuzichemsha kwa maji mapya mpaka zianze kupasuka, kabla hazijavurugika. Kitunguu nakikaanga kigeuke rangi, naongeza saumu, tangawizi na bizari, kisha nyanya, na hapo sina haraka: nasubiri mpaka mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria. Ndengu zinaingia na maji kidogo, zinatokota taratibu. Tui ukipenda, ila ujue tui ni ladha na mafuta, protini yake ni kidogo sana. Mwisho dania, na limau nalikamua nikiwa nimeshaepua. Limau lina kazi: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye ndengu. Chai hufanya kinyume, basi iache ikae kama saa moja baada ya chakula.

Nafaka zina upungufu wa lisini, moja ya asidi amino (vijenzi vya protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mikunde ina lisini tele lakini methionini, asidi amino nyingine, ni chache. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, inaziba pengo la pande zote mbili ndani ya sufuria moja. Wala si lazima vikutane sahani moja, mradi vyote umevila siku hiyo.

Asubuhi, uji wa wimbi uliochanganywa na unga wa mbegu za terere, ukorogee kijiko kikubwa cha siagi ya karanga. Wimbi una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa kila gramu 100, jambo kubwa kwa aliyeacha maziwa.

Lakini uji huo huo uliwahi kutusumbua. Mteja mmoja aliacha ngano kabisa, na wiki sita baadaye tumbo bado lilikuwa linamsokota. Tukapitia kila kitu anachokula. Wimbi wake alikuwa akiusaga kwenye poshomili ya mtaani, mashine ile ile inayosaga ngano ya wateja wengine. Alianza kuchagua na kuosha wimbi mwenyewe, akaukausha na kuusaga nyumbani kwa mashine yake ndogo, na tumbo likatulia. Viungo vya mchuzi vya paketi na sosi ya soya navyo soma karatasi yake, mara nyingi vina ngano.

Kwa chai, maziwa ya soya yana protini inayokaribia ya ng'ombe. Ya lozi karibu hayana. Na kama umeacha pia nyama, samaki na mayai, vitamini B12 huipati kwenye mimea. Tumia nyongeza yake au vyakula vilivyoongezewa.

Kama bado hujapimwa ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, usiache ngano leo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mwenye ugonjwa huo hutengeneza unapokula gluteni, na ukishaiacha kwa muda majibu yanaweza kuonyesha huna ilhali unao. Pimwa kwanza, halafu ndipo uende Nyamakima na kikapu.