Ruzuku ya Ireland kwa Waairishi waliohamia nje haiingii mfukoni mwa mtu

Wengi hudhani Mwairishi aliyekwama ughaibuni anaweza kubisha hodi ubalozini akatoka na hundi. Sivyo. Mpango wa Kusaidia Wahamiaji, ulioanza 2004 chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ireland, hutoa ruzuku kwa mashirika yasiyolenga faida. Mtu binafsi haombi. Fungu kubwa huenda Uingereza, waliko wazee waliohama miaka ya 1950 kwenda kujenga barabara na kuuguza wagonjwa.

Kwa hiyo mzee wa London anayeishi peke yake aende, tuseme, London Irish Centre, kituo cha Waairishi kilichoko Camden. Mshauri atapitia naye posho za Uingereza anazostahili na kumsaidia kujaza fomu. Mara nyingi haki yake iko hukohuko, hajaidai tu.

Akitaka kurudi Ireland, shirika la Safe Home Ireland husaidia wazee kutafuta makazi. Kosa kubwa ni kupanda ndege kabla ya kujiandaa. Pasipoti pekee haitoshi kupata posho za Ireland zinazopimwa kwa kipato: sharti athibitishe amerudi jumla, kwa mfano kwa barua ya kusitisha upangaji na ushahidi wa akaunti ya benki aliyoifunga alikotoka.