Kubernetes, Nomad au Swarm? Mimi kwanza nauliza nani ataamshwa usiku

Hizi tatu ni programu za kupanga na kuendesha programu zako kwenye seva kadhaa kwa pamoja, seva moja ikifa kazi zake zihamie nyingine. Juzi dogo mmoja kaniuliza, bro, tuweke Kubernetes? Nikamuuliza mna seva ngapi, akasema tatu, na anayezisimamia nani, akacheka, ni mimi tu. Basi nusu ya jibu ikawa imeshapatikana.

Kubernetes kwa Kigiriki ni mshika usukani, nahodha, ilitoka Google 2014 na kwa kweli ni mashine, sina ugomvi nayo. Shida nahodha huyu hasafiri peke yake, anakuja na etcd (hifadhi ya taarifa zake), mtandao wa kontena (vifurushi vya programu na vyote inavyohitaji), mafaili ya maelekezo ya YAML yasiyoisha, na ukiifunga kwa kubeadm, zana yake ya kuisimika, seva inayoongoza inataka angalau RAM GB 2 na CPU 2 kabla hujaweka chako chochote. Kwa mtumbwi wetu wa dagaa hao ni abiria wengi mno. K3s, toleo jepesi la Kubernetes, imepunguza huo mzigo, ni faili moja unaweka, ila YAML ni ileile.

Mimi nilichukua Nomad kwa mfumo wa wanunuzi wa dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wa kuandika kilo na malipo, kwa sababu kulikuwa na programu ya zamani ya Java ambayo mwenyewe hataki iguswe, na Nomad inaendesha jar (faili la programu ya Java) hivihivi bila kontena. Leseni yake ilibadilika Agosti 2023, kwa matumizi yako mwenyewe haina noma, ila ukitaka kuiuza kama huduma isome kwanza.

Sasa kosa langu. Niliweka seva mbili zinazoongoza nikajiona mjanja, moja ikifa si nyingine ipo? Umeme ukakatika upande mmoja, UPS imechoka, na ile iliyobaki ikagoma kuongoza, maana hizi seva zinapigiana kura na kwa seva mbili wingi ni mbili, ukibaki na moja huna wingi. Programu za mashine iliyobaki ziliendelea kama kawaida, za iliyozima hakuna wa kuzihamisha, nikapanda bodaboda saa tano usiku kutoka Nyegezi. Weka tatu aisee, na nne hazikusaidii, bado utavumilia kufa kwa moja tu. Hata Swarm na etcd ni hivyohivyo.

Dogo nimemwambia aanze na Swarm, imo ndani ya Docker, programu ya kuendesha kontena, tangu 2016, na mafaili yake ya compose (yanayoorodhesha kontena zake) anayo tayari. Akipata wa kupokezana naye zamu, ndo tuongee K3s.