Acheni Kusema Wanaogopa Mabadiliko

Jumapili iliyopita mpwa wangu anayesoma biashara Makerere alikuja kunisalimia hapa Kitooro. Matoke yakiwa mezani akasema, "Mjomba, tumefundishwa kwamba mashirika ya ndege yakiungana, wafanyakazi humkataa bosi kwa sababu wanaogopa mabadiliko." Nikaweka kijiko chini. Neno hilo nimelisikia kwa mameneja, kwenye semina, hata ndani ya taksi ya Entebbe. Nimepanga rosta za marubani na wahudumu miaka 19, na sasa limenichosha.

Tazameni American Airlines, shirika la ndege la Marekani. Aprili 2012, shirika likiwa kwenye kesi ya ufilisi, vyama vyake vitatu vya wafanyakazi vilitangaza kuunga mkono muungano na US Airways ya Doug Parker, bosi wa watu wengine kabisa, huku uongozi wao wenyewe ukitaka kujitegemea. Desemba 2013 muungano ukakamilika. Mtu anayeogopa mabadiliko hamwiti jirani aje ashike nyumba.

Kinachowasumbua ni orodha ya ukongwe, yaani foleni ya nani yuko mbele ya nani kazini, na hapo ndipo wasomi hupita mbio. Marekani, nafasi yako kwenye orodha ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utakaa kituo gani, Krismasi utakuwa nyumbani au hotelini, lini utavaa mistari minne ya kapteni begani, na kazi ikipungua nani atatangulia kurudishwa nyumbani. Ukihama shirika, miaka yako inabaki ulikotoka. Kapteni wa miaka 20 akijiuzulu leo, kule aendako anaanzia mkiani, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Karani wa benki asiyemwamini bosi wake hutafuta benki nyingine. Rubani hana mlango huo, ndiyo maana humchunguza bosi kama mgonjwa anavyomchunguza daktari atakayempasua.

America West na US Airways ziliungana 2005, Parker huyohuyo akiongoza. Mei 2007 msuluhishi George Nicolau akatoa orodha moja. Marubani wa US Airways wenye miaka kama 17 kazini, waliokuwa wamepunguzwa, wakajikuta wamepangwa na vijana wa America West wenye miezi tu. Wale wa US Airways wakakitupa chama chao, wakaunda kingine ili orodha isitumike. Bila orodha, mkataba mmoja haukupatikana, na wao wakaendelea kulipwa mishahara iliyokatwa wakati wa ufilisi. Ndege zilikuwa na rangi moja, rosta zilikuwa mbili. Orodha ya mwisho ilitoka 2016! Ugomvi unapobana mishahara namna hiyo, bosi akisema ni wa wafanyakazi wenyewe, nani atamwamini?

United na Continental waliungana 2010 chini ya Jeff Smisek. Wahudumu wa pande hizo walipata mkataba mmoja 2016, Smisek akiwa ameshaondoka tangu Septemba 2015. Mpanga rosta anaelewa maana yake: safari imepungukiwa mhudumu mmoja, wa upande wa pili wamekaa akiba na sare zao, na huruhusiwi kuwachanganya.

Nami yamenikuta. Kampuni niliyoitumikia zamani, ndogo kabisa mbele ya hizo, iliungana na nyingine. Orodha ikabandikwa ukutani asubuhi. Dada mmoja wa miaka 14 kazini akaweka kidole juu ya karatasi, akateremka jina kwa jina. Akapita mstari aliokuwa akiutarajia. Kidole kikaendelea kushuka, kikasimama chini ya jina la kijana ambaye dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga mlango wa ndege. Hakusema kitu. Mchana wake bosi akatukusanya kutuonyesha nembo mpya. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwamini tena.

Nilikuwa kwenye kamati iliyoandaa karatasi ile. Ukifuata tarehe ya kuajiriwa, watu wa kampuni iliyokuwa ikizama wanachukua nafasi za wale waliokuja na kazi zao. Ukifuata uwiano, yaani aliyekuwa katikati ya orodha ya kampuni yake awe katikati ya orodha mpya, mwalimu anasimama nyuma ya mwanafunzi wake. Nilipigia kura uwiano. Mpaka leo sina hakika kama nilimtendea haki dada yule, na sijawahi kumwambia kwamba kura yangu ilikuwemo.

Ila najua bosi alipokosea: alituachia mzigo ule bila hata kikao kimoja na watu wake, kisha akaja na nembo. Delta na Northwest, 2008, walikuwa na mkataba mmoja wa marubani kabla muungano haujakamilika Oktoba, na kufikia Desemba orodha ilikuwa tayari. Marubani ni walewale, wenye wivu uleule wa nafasi zao.

Mpwa wangu aliziandika tarehe hizo kwenye simu. Nimemwambia ampelekee mwalimu wake.