Kituo cha maji kilichoachwa kando ya mto: tuanze na tope, si ramani

Kituo cha kusafisha maji hakifi siku moja. Kwanza inakosekana sulfati ya alumini, dawa ya kuzamisha uchafu wa maji, kisha pampu inaungua, kisha umeme unakatika wiki nzima, mwishowe anabaki mlinzi na funguo zake. Miaka inapita, majani yanapanda ukutani, na kwenye komuni watu wanaanza kuuliza: hapa tupafanyie nini? Mmoja anataka soko, mwingine viwanja vya nyumba, mwingine bustani ya kupumzikia. Lakini hapa Lubumbashi, ambako mto wenye jina la mji unapita chini ya kilima cheusi cha mabaki ya shaba, na ambako kiwanda cha kuyeyushia kilianza kazi mwaka 1911, mchoro wa mpangaji mji hautoshi kujibu swali hilo. Jibu liko chini ya mabirika, kwenye tope.

Tuone tope hilo linatoka wapi. Maji ya mto yakiingia kituoni hutiwa sulfati ya alumini, kwa kawaida gramu 20 hadi 50 kwa kila mita ya ujazo, zaidi mvua ikichafua mto. Dawa hiyo hutengeneza vinyuzi laini vya hidroksidi ya alumini vinavyonata na kukamata udongo, vijidudu na pia sehemu ya metali. Vinyuzi vikizama, maji ya juu yanakwenda kwenye vichujio vya mchanga, na uchafu unabaki sakafuni. Kazi ilikuwa nzuri, ila kilichoondolewa kwenye maji hakikupotea. Kwa miaka mingi shaba, kobalti, kadmi na risasi vinaweza kurundikana humo kwa kiwango kinachozidi sana kile cha mto wenyewe.

Tope likibaki bila asidi, metali hizo nyingi hutulia. Tatizo linaanza pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi: alumini yenyewe inayeyuka na kuachilia ilichokamata. Ndiyo maana haifai kumwaga tope hili shambani kwa sababu tu ni laini na jeusi. Mkulima wa lengalenga atapata hasara mara mbili, maana hidroksidi ya alumini hufunga fosforasi, na mboga inabaki kibeti hata ukiweka mbolea.

Kupima si kazi kubwa. Gawa kila birika katika miraba ya mita 10 kwa 10. Katika kila mraba chukua tope la kina cha sentimita 0 hadi 20, 20 hadi 50, na 50 hadi 100, kila kina kwenye mfuko wake safi, gramu 500 hivi, ukiandika tarehe, mahali na kina kwa kalamu isiyofutika. Tumia koleo la plastiki au la chuma cha pua. Koleo lenye kutu au lililotumika mgodini litaharibu matokeo. Chukua pia udongo wa nje ya uzio, mita 50 au 100 mbali, upande usiofikiwa na maji ya kituo. Katika ardhi ya Katanga shaba ni ya asili, na bila sampuli hiyo ya kulinganishia utamlaumu mtu asiyehusika, au utamsamehe anayehusika. Omba maabara ipime shaba, kobalti, kadmi, risasi, zinki, aseniki, urani na pH. Kuomba shaba peke yake ni kosa tunaloliona mara nyingi, na ndilo linalogharimu zaidi baadaye.

Kiasi nacho kijulikane mapema. Birika la mita 30 kwa 15 lenye tope la sentimita 60 lina mita za ujazo 270. Tope bichi huwa na yabisi asilimia 2 tu, mengine ni maji. Likikaushwa hadi asilimia 20 linabaki mita za ujazo 27 hivi, yaani malori matatu badala ya 27. Kazi hiyo ifanyike kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa ukavu, kwa tabaka nyembamba la sentimita 20 hadi 30 juu ya mchanga uliotandikwa plastiki nzito chini, na maji yanayochuja yakusanywe badala ya kuachwa yarudi mtoni. Atakayeanza Novemba atakuwa anakausha mvua.

Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazuri huangukia: kumwaga maji yote ya birika kwa siku moja ili lionekane safi. Birika tupu lililozikwa ardhini ni mtumbwi. Kama limeshuka mita 3 na maji ya ardhini yamepanda hadi ukingoni, linasukumwa juu kwa nguvu ya tani 3 kwa kila mita ya mraba, wakati sakafu ya zege ya sentimita 30 ina uzito wa tani 0.72 tu. Kuta husaidia kidogo. Sakafu inapasuka au birika zima linainuka na kukata mabomba. Basi chimba kwanza shimo la kuangalia kimo cha maji ya ardhini, mwaga birika mwisho wa ukavu, na kama litabaki tupu, toboa sakafu ili maji yaingie na kutoka yenyewe. Ila usitoboe kabla tope halijatolewa.

Zege lenyewe lipimwe. Vunja kipande kidogo na unyunyizie fenolftaleini, dawa ya maabara inayobadilika rangi: panapogeuka waridi zege bado lina ualkali wa kulinda nondo, pasipobadilika rangi ulinzi umekwisha. Kama eneo lisilobadilika limefika kwenye nondo, usijenge kitu kizito juu yake.

Kabla ya yote hayo, funga chumba cha klorini. Mitungi ya gesi ya klorini ikiwa bado ipo, isiguswe na mnunuzi wa vyuma chakavu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inashuka kwenye mifereji na kukaa humo. Hipokloriti ya kalisi, ile klorini ya unga, iliyobaki kwenye ndoo isiwekwe karibu na sulfati ya alumini, kwa kuwa ikichanganyika nayo kwenye unyevu hutoa klorini, na ikigusana na mafuta au grisi inaweza kuwaka moto. Mafuta ya transfoma za zamani yachunguzwe kama yana PCB, kemikali yenye sumu, wala yasigawiwe mafundi wa kuchomelea. Mabomba na mabati ya saruji yenye amianti (asbesto) yatolewe mazima yakiwa yameloweshwa, bila kukatwa kwa mashine. Na mtu asiingie peke yake kwenye chemba iliyofungwa miaka mingi. Mshumaa unaoendelea kuwaka si uthibitisho wa usalama, kwa sababu gesi inayonuka kama yai bovu huua kwa kiasi kidogo ambacho mshumaa hauoni, tena ikizidi pua haiinusi tena.

Baada ya kupima, matumizi ndiyo yanajadiliwa. Wengi huanza na wazo la kukifufua kituo. Inawezekana, hasa kwa kuchuja taratibu kwa mchanga, njia isiyohitaji sulfati wala pampu nyingi. Vichujio vya zamani vya kasi havitoshi kwa kazi hiyo. Huwa vinapitisha mita 5 hivi kwa saa, wakati kuchuja taratibu ni mita 0.1. Eneo linatakiwa mara 50. Birika la kutuamishia la mita za mraba 450 ndilo linalofaa: litatoa mita za ujazo 45 kwa saa, yaani 1,080 kwa siku, likihitaji mita za ujazo 400 hivi za mchanga uliooshwa. Ligawe mara mbili kwa ukuta ili upande mmoja usafishwe wakati mwingine unafanya kazi. Maji yasisimame: umeme ukikatika saa nyingi, viumbe vidogo vinavyosafisha juu ya mchanga hukosa oksijeni na kufa. Na mto ukiwa na tope jingi, changarawe itangulie mbele ya mchanga.

Lakini njia hii haiondoi metali zilizoyeyuka ipasavyo. Kabla ya kununua hata lori moja la mchanga, pima maji ya mto wakati wa mvua na wakati wa ukavu, ulinganishe na viwango vya Shirika la Afya Duniani: shaba miligramu 2 kwa lita, risasi mikrogramu 10, kadmi 3, aseniki 10, urani 30. Mto ukizidi hapo, achana na ndoto ya maji ya kunywa mahali hapo.

Matumizi ya pili ni kuhifadhi maji ya mvua. Mabirika manne ya ukubwa ule yenye kina cha mita 3 yanabeba mita za ujazo 5,400. Mvua ya milimita 50, ikitiririsha asilimia 60, inaleta mita za ujazo 300 kwa hekta. Basi yangetosha hekta 18 za mtaa. Ila mabirika ya kusafishia mara nyingi yamejengwa juu ili maji yashuke yenyewe, na mifereji ya mtaa iko chini. Pima kimo kabla ya kushangilia. Yakibaki wazi bila kutoka maji, yatazaa mbu na konokono wa kichocho, na bila uzio yatazamisha watoto.

Duniani vituo vya namna hii vimepata maisha mengine. Philadelphia, Marekani, kituo cha Fairmount kando ya mto Schuylkill kilifungwa mwaka 1909, kikawa mahali pa kuonyesha samaki, na leo kinafundisha watu habari za maji. London, mabwawa ya Barnes yaligeuzwa makazi ya ndege na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2000. Hapa kwetu kilima au ukingo uliochafuka unaweza kutulizwa kwa majani: Penga Penga, mtaa wa hapa Lubumbashi, watafiti walijaribu Microchloa altera, nyasi ya ardhi ya shaba, pamoja na chokaa na mboji. Nyasi hiyo haiondoi shaba ardhini, inaishikilia isipeperuke na isishuke mtoni. Kwa bustani ya wazi, hilo linatosha. Kwa shamba la mboga, halitoshi.

Na viwanja? Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kifungu cha 55, ardhi iliyowekwa kwa huduma ya umma haiwezi kupewa mtu hadi iondolewe rasmi kwenye matumizi hayo. Kituo kutofanya kazi si sawa na ardhi kuondolewa rasmi. Anayekuuzia kiwanja ndani ya uzio huo mwombe akuonyeshe hati ya serikali inayoondoa ardhi hiyo kwenye huduma ya umma, kisha uipeleke mwenyewe ofisi ya hati za ardhi. Akikuonyesha risiti ya chifu wa mtaa peke yake, rudi nyumbani na pesa yako. Mradi wowote mkubwa pale unadai pia tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, kwa sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011, na majibu ya maabara ya lile tope ndiyo yanayopaswa kuwa ukurasa wake wa kwanza.